Figo la Mahari

Mahari ya zama hizo haikuwa ng'ombe. Ilikuwa figo la bwana harusi, likipandikizwa tumboni mwa mke. Mke akiachwa, ukoo wa mume ulikuwa na haki ya kulifuata. Ndiyo maana Kiangi aliuvunja mlango kwa teke, akamburuta Nakijwa kwa nywele hadi jikoni, na Mbazi, kaka yake Kiangi na mume aliyemwacha Nakijwa, akamkandamiza miguu. Sahani zikapasuka chini ya mgongo wake.

"Shemeji, ngoja!" alipiga kelele, damu mdomoni. "Lina saratani!"

"Mwongo!" Kiangi alifoka. "Bibi harusi mpya analingoja."

"Wamenichoma sindano, wakatoa kipande cha nyama, wakakipima. Ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, na imeanzia humo humo ndani ya figo lenu. Dawa zikiwahi, naweza kupona. Kulikata si tiba, na huyo mwenzangu mtamzika."

Kiangi alimpandisha blauzi kwa ncha ya kisu. Kidonda cha sindano kilikuwa bado kibichi. Akatema mate, akainuka.

Mbazi aliachia miguu, akashusha pumzi. "Basi, wakwe watasubiri."

"Harusi ni kesho, kaka," Kiangi alisema, na kisu hakukirudisha kwenye ala. "Na wewe bado unalo moja."