Maneno ya Ukurasa wa Pili

Kidole gumba cha bibi mzee, Akko Qabale, kilikuwa kimeshapakwa wino. Kilisimama juu ya fomu ya idhini ya kutolewa damu, na hakikushuka.

"Mwanangu," akaniambia kwa Kiborana, "huyu daktari amesoma mpaka koo limemkauka. Wewe umesema maneno matatu tu. Mengine umeyaweka wapi?"

Daktari mgeni, aliyekuja kwetu Bute kuchunguza homa inayotoka kwa ngamia, alinitazama akitabasamu. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Wiki nzima nilikuwa nikiwaambia watu, "Wanataka kupima homa. Weka kidole." Jua lilikuwa kali, foleni ndefu, na ukurasa wa pili wa fomu uliniudhi, nikawa nauruka.

Nzi akatua kwenye wino. Bibi hakumfukuza. Alikuwa akiningoja mimi.

Nikafungua ukurasa wa pili, nikamfasiria polepole bila kuruka kitu. Damu yake itapelekwa ng'ambo. Itawekwa huko miaka ishirini. Wataipima kwa lolote watakalotaka, na hawatarudi kumuuliza.

"Kuna shida?" daktari akaniuliza kwa Kiingereza. Nikaendelea kumfasiria bibi.

Akko Qabale alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta kidole kwenye upindo wa shuka yake, taratibu, hadi wino ukabaki kwenye nyufa za ngozi tu.

"Na hawa walionitangulia," akasema, "uliwasomea?"

Faili lilikuwa mapajani mwangu, na ndani yake alama thelathini na tisa za vidole. Nikalifungua.

Ya kwanza ilikuwa ya mama yangu.