Nguchiro Aomba Radhi

Paliondokea Nguchiro mmoja, mla mayai ya wenzake, mwenye ulimi mtamu kuliko halua. Siku moja kabla ya mfungo, wanyama wanapopitiana nyumba kwa nyumba kuombana radhi, alijipaka mafuta akatoka. Alimwomba radhi Tembo, akamwomba Twiga, akamwomba na Kiboko, huku akimwaga machozi ya kutosha kunawia mikono. Kila aliposamehewa alijiona mwepesi zaidi. Jua lilipofika utosini alibisha kwa Nungunungu, akiwa amebakiza kidogo tu kuwa malaika.

"Ndugu yangu, nisamehe yote niliyokukosea."

"Mimi hujanikosea kitu," alisema Nungunungu. "Ungeanzia wapi na miba hii? Kwa Bi Kanga umefika?"

Nguchiro akajikuna shingo. "Kwa Bi Kanga ni mbali, na jua lenyewe kali."

"Juzi ulipokwenda kumlia mayai yake palikuwa karibu."

Nguchiro akashika njia. Na kweli, siku hiyo njia ilikuwa ndefu, maana kila hatua ilimkumbusha yai moja. Alipofika, machozi nayo yakagoma kutoka.

"Bi Kanga, mayai yako niliyala mimi," alisema, wala hakuongeza neno.

Kanga alimtazama kutoka juu ya tawi, akamtazama sana. "Nimekusamehe."

"Basi shuka tupeane mkono."

"Kushuka nitashuka mwakani," alisema Kanga, "ukija huna la kuniombea radhi."