Kizibo cha Mwisho

Ilibaki hatua moja tu Parin amshinde kaka yake, na kidole chake kilikuwa hewani.

Kompyuta ya duka lao, hapo Nyamagana, ilitumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiotumiwa na wengi. Kaka aliiweka mwenyewe kabla ya kuhamia Toronto, na simu zilivyo ghali, kwenye drafti ya intaneti ndiko walikokutana kila Jumapili. Leo tovuti ilikuwa imeleta programu mpya ya kunasa wadanganyifu, na programu hiyo haikuitambua Linux. Kwenye kioo kulikuwa na onyo: "Mchezo huu ukiisha, hutaingia tena."

Kando ya kibodi kulikuwa na ubao wao wa utotoni. Kila kete iliyosogea kwenye kioo, Parin aliisogeza na pale, vizibo vya Pepsi vyake, vya Fanta vya kaka. Cha Fanta kilibaki kimoja, kimebonyea pale kaka alipokifungua kwa meno.

Maneno yakatokea chini ya kioo. "Mdogo wangu, umelala? Kula, tumalize."

Parin alikiokota kile kizibo, akakifumbata kiganjani mpaka kingo zake zikamchoma.

"Subiri, Bhai," akamwandikia kaka yake kwa mkono mmoja. "Bado naangalia."