Uzi wa Saba

Siku ya kumi na nne tangu maiti ya baba ichomwe kando ya mto Bagmati, Suyog alikata kamba za boksi lililotoka Qatar kwa ndege moja na jeneza.

Ndani, katika blanketi la kambi ya vibarua alikofanya kazi baba, lililala gitaa jeusi la umeme. Alihesabu nyuzi. Saba, kama alivyomwomba baba kwenye simu.

Shingo ya gitaa ilikuwa pana, kidole gumba kikapotea nyuma. Uzi wa saba ulikuwa mnene kama waya wa kuanikia nguo.

"Sita hazikutosha?" mama aliuliza mlangoni, naye kavaa nguo nyeupe za msiba.

"Huu ndio unaotoa ile sauti nzito, mama."

"Baba yako alikuwa arudi kabla ya joto la huko kuanza. Akaniambia nisubiri kidogo, huyu kijana wako ana gitaa lake la kulipiwa kwanza."

Suyog akalifunika gitaa. Mwaka mzima wa nguo nyeupe hapigwi muziki nyumbani. Hata redio ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Mama akaketi sakafuni, akalifunua, akaweka kiganja juu ya ubao wake.

"Uguse huo uzi."

"Mama, mwaka haujaisha."

"Gitaa halijachomekwa. Nani atasikia?"

Akaugusa. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mbu, lakini ubao ulitetemeka muda mrefu chini ya kile kiganja.

Mama alingoja mpaka ukatulia kabisa.

"Ni hii tu?" akauliza.