Herufi ya Mwisho Ubavuni

Shirika limeikodisha ndege yetu ng'ambo. Hairuki mpaka nibandue herufi za usajili wa kwetu, nibandike za huko. Mume wangu, fundi wa injini, anaondoka nayo kwa miaka mitatu.

"Shemeji, mbona leo unapima kama unashona gauni la harusi?" wenzake wakanitania.

Nikacheka nao. Kisha herufi ya mwisho, A, nikaibandika kichwa chini, makusudi. Mkaguzi angeikataa, ukaguzi urudiwe kesho yake, nami ningebaki na mume wangu walau siku moja zaidi.

Yeye aliiona kabla ya mkaguzi. Akanitazama, akajua.

"Pole, mke wangu, umechoka," akasema.

Akaingiza ukucha chini ya ile herufi, akaibandua polepole isichanike, akaigeuza mwenyewe, akailaza sawasawa kwa kiganja.