Tonge la Kwanza

Nyumbani kwa Bi Mtumwa hakuna aliyegusa sinia kabla ya mkubwa kukata tonge la kwanza. Lakini tangu maradhi ya Parkinson yalipomtetemesha mkono, yeye alilishwa kwa kijiko jikoni, na mwanawe Haji ndiye aliyeanza.

Leo Bi Mtumwa aligoma. "Nakula na watu!"

Moyo ulimdunda kama wa bi harusi. Siku zote mkwewe, Salama, alimpa vidonge pamoja na sahani ya nyama na maharage, kwa huruma tu, asije akameza dawa tumbo likiwa tupu. Juzi muuguzi wa zahanati akawaambia kuwa vyakula hivyo ndivyo vinavyoizuia dawa isifanye kazi. Ameze kwa maji, angoje kidogo, ndipo ale. Nyama na maharage viwe vya usiku.

Basi leo alimeza vidonge Salama alipobandika wali. Sasa wali ulikuwa mkekani, na mchicha wa nazi na boga pembeni.

"Haji, anza wewe," Salama alinong'ona kwa hofu.

"Thubutu!" Bi Mtumwa alifoka, huku akicheka.

Akanawa. Akautazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mtoto anayesimama dede. Ulitikisika, kisha ukatulia. Akakusanya wali, akaufinyanga, akauinua. Haji alisahau kupumua. Salama alikinga kiganja chini yake, tayari kudaka punje.

Tonge likazidi kupanda, na mikono yote iliyonawa ikangoja hewani.