Mkate wa Duka la Vioo

Mama Unga alisukuma komeo la mlango, akatundika shuka dirishani, ndipo akaanza kukuna maganda ya chungwa. Aliyakunia ndani ya beseni la unga polepole, kama mtu anayeiba nyumbani kwake mwenyewe. Safari hii hakumwambia mtu. Si mume, si wifi.

Alikuwa na sababu zake. Alipotia maziwa kwenye mkate, siku ileile watu walisema mkate wa Duka la Vioo siku hizi una maziwa. Aliponyunyiza ufuta, na ule ukaota ufuta. Duka lenyewe lilifunguliwa juzijuzi tu kule juu, karibu na kituo cha mabasi, na mwenyewe ni mgeni wa mji. Lina taa, lina feni, na mkate unatiwa kwenye mfuko wenye picha ya ngano. Mji mzima ulihamia huko. Watu walioota meno kwa mkate wa Mama Unga, na wa mama yake kabla yake, sasa walipita mlangoni kwake wameficha mifuko kwapani, wakimuuliza habari za watoto.

Aliyebaki ni mpishi wa shule ya bweni. Alifika kila alfajiri na mkokoteni, akachukua karibu kila kilichotoka tanurini, akabembeleza bei mpaka faida ikabaki jina. Lakini heri huyo kuliko hakuna.

Alfajiri mkate wa chungwa ulitoka vizuri ajabu. Mchana mumewe akaingia akifuta makombo kwenye ndevu.

"Umekula wapi wewe?"

"Nilikuwa napita tu kule juu. Usinitazame hivyo, mke wangu. Wako ni mzuri, sikatai. Lakini ule una kitu. Leo wametia chungwa." Akameza. "Na wewe ungejaribu."

Mama Unga alikaa juu ya gunia la unga.

"Onja basi, ujue wenzako wanafanyaje," mumewe akasema, akimnyooshea kipande.

"Nitakula jiwe kwanza."

"Kizuri chajiuza, mama," mume akasema, akatoka haraka kabla mwiko haujamfikia.

Hasira ni hasara, wahenga walishasema. Labda wahenga hawakuwahi kuibiwa chungwa. Mama Unga alipiga hesabu kichwani, na kila alipoipiga jibu lilikuwa mtu mmoja. Jana jioni, komeo lilipofunguliwa, wifi yake ndiye aliyeyakuta machungwa yaliyokunwa maganda, akayamenya mawili akayala. Mwingine hakuwapo.

Wifi alikuwa anakanda unga wa kesho, mikono imezama hadi kwenye viwiko.

"Ni wewe," Mama Unga akasema.

"Mimi nini, wifi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Wanakupa nini kule juu?"

Wifi alitoa mkono kwenye unga, akaonyesha kovu refu lililopita juu ya kifundo. "Hili nililipata kwenye tanuri lenu, mama yako angali hai. Leo mimi ni mwizi?"

"Sikusema mwizi."

"Umesema."

Akanawa, akavua aproni, akatoka. Mama Unga alitaka kumwita. Maneno yalifika mpaka mdomoni, kiburi kikayarudisha.

Alibaki na beseni la unga uliokandwa nusu. Peke yake asingeuweza. Mgongo wake ulikuwa umestaafu kabla yake. Alisimama mlangoni apate hewa, na hapo hapo wakapita wanawake wawili wakimega mkate kutoka kwenye mfuko wa picha ya ngano. Mmoja alikuwa anafumba macho kwa utamu.

Mama Unga alirudi ndani akachukua nyundo. Tanuri lile mama yake alilijenga tofali kwa tofali. Akaanzia mdomoni. Alipiga huku analia, na alipochoka alikaa, akalia bila kupiga, kisha akaendelea. Sitaki tena kumbunia mtu mikate, alisema kwa sauti, ingawa hakuwapo wa kumsikia. Jua lilipozama, tanuri lilikuwa rundo la matofali na majivu.

Alfajiri mpishi wa shule alifika na mkokoteni wake. Aliliona rundo, akaweka mikono kichwani.

"Mama, ndiyo nini hii?"

"Nimefunga."

"Umefunga kabisa kabisa?"

"Nenda kanunue kwa wenye taa."

Mpishi alitazama mkokoteni wake mtupu. "Sasa mimi nitawaambia nini?"

"Waambie wale viazi," Mama Unga akasema, na akamwonea huruma, maana alionekana kama mtu aliyefiwa.

Mkokoteni ulipopotea, naye akafunga safari. Hakujisumbua kuoga; vumbi la matofali lilikuwa bado kichwani. Hakuwa na duka tena, hakuwa na wifi, lakini jina la anayepeleka siri zake angelipata leo hii, hata kama ni kwa kumkaba mtu shingo.

Duka la Vioo lilijaa watu wanaonung'unika. Nyuma ya kaunta alisimama kijana mwenye tai, jasho linamtiririka chini ya feni. Rafu zote zilikuwa tupu.

"Karibu, mama. Samahani sana, leo hakuna mkate."

"Tanuri lenu limezimika?" Mama Unga akauliza, wala hakuficha furaha yake.

"Tanuri?" Kijana akacheka kwa uchovu. "Sisi hatujawahi kuwa na tanuri, mama. Tunaletewa, tunatia kwenye mifuko. Leo anayetuletea amekuja mikono mitupu, anasema mwokaji wake amefunga." Akainama juu ya kaunta, akashusha sauti wateja wasisikie. "Wewe naona ni mwenyeji hapa. Huyo mwokaji humjui?"